Beji ya Jacklyne

Ukitaka kumjua mwanaume haraka, mwangalie anapogundua kwamba nyama iliyo mdomoni mwake si yake. Triza alimjua Andati hivyo. Ilikuwa Jumapili mchana pale Soko la Burma, saa ile makanisa ya Eastlands yameshamwaga watu wake na kila mchomaji amezungukwa na moshi na kelele za "yangu iko wapi". Triza alikuwa ametoka ibadani Jeshi la Wokovu, sare nyeupe, kola imekaa sawasawa, viatu vyeusi vinang'aa. Aliagiza mguu wa mbuzi, akaenda kunawa mikono. Kurudi, akakuta kijana mwembamba mwenye shati la samawati amekaa mbele ya sinia lake, tayari amefika kwenye mfupa.

"Kaka, hiyo nyama unaionaje?"

"Tamu kabisa. Karibu, dada."

"Unanikaribisha kwa nyama yangu?"

Kijana akaacha kutafuna. Mwingine angebisha, angemwita mchomaji, angefanya fujo. Huyu alilitazama sinia, akamtazama mchomaji aliyekuwa akihangaika na sinia jingine la mbavu bila kujua amkabidhi nani, akameza kwa taabu.

"Basi yangu ndiyo ile inatembeatembea," akasema. "Nimekuibia mpaka chumvi. Kaa tule hizo mbavu, halafu ukishashiba unishtaki."

Triza alikaa. Hakumshtaki. Alimpa namba ya simu, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa mambo yote.

Andati alikuwa akipanga magunia kwenye ghala la unga Industrial Area na kuishi na mama yake Komarock. Triza aliishi Kaloleni kwa senje yake, yaani shangazi yake, Roseline, na kumshonea mikoba ya ngozi kwenye kibanda chake pale Kariokor. Kidato cha nne alipata B ya fizikia, lakini nyumbani ilikuwa zamu ya kaka yake kusoma, na zamu yake mwenyewe ikawa haifiki. Hakulilia jambo hilo. Alishona.

Sasa tuseme ukweli, maana kuficha hakusaidii: Triza alikuwa na wivu. Si wivu wa kununa dakika mbili ukabembelezwa ukaisha. Muuza chapati akimchekea Andati, Triza alikosa hamu ya chapati. Andati akisema "yule dada wa mapokezi alinisaidia sana", siku nzima ilikuwa imeharibika. Yeye mwenyewe alijiona, akajikemea, akarudia. Alimtaka mwanaume huyu, na alimtaka mzima, bila mtu mwingine kumgusa hata kwa jicho. Tayari walikuwa wameanza kuongea habari za wazee wa Andati kwenda kwa kina Triza Bungoma kuposa, Desemba, na hilo lilimfanya azidi kuogopa.

Ndipo likaja jambo la chuo. Baada ya miaka ya magunia, Andati alipata nafasi chuo kikuu kusomea uhandisi wa mitambo. Mama yake alitangaza kanisani. Lakini rafiki mmoja wa ghalani akamwambia kuna chuo kidogo hapo hapo Industrial Area, kwenye ghala kuukuu, kinachofundisha jambo moja tu: lifti. Kuziunda, kuzifunga, kuzitengeneza, basi. Wanafunzi wake wote hawajazi basi la shule. Mwenye chuo, Mwalimu Mulama, hakubali mtu kujisajili kabla hajajaribu wiki mbili, kwa sababu, anasema, ukisomea kitu kimoja na kitu hicho kikukatae, huna pa kukimbilia. Andati akaomba likizo ghalani akaenda kujaribu. Mwisho wa wiki mbili ilikuwa ni kuchagua: hiki kidogo, au kile kikubwa.

"Huku nikitoka nina kazi mkononi," alimwambia Triza. "Kule nikitoka nina kofia ya mahafali na picha ya mama analia."

"Wewe moyo wako unasema nini?"

"Moyo wangu unasema tungoje Ijumaa ya pili."

Ijumaa ya kwanza walipanga kukutana Burma, pale pale. Triza alivaa sketi ya kijani iliyokaza kiunoni, blauzi ya maua, na hereni kubwa alizonunua kwa ajili ya jioni hiyo. Alikuwa ananukia hata mchomaji akageuka. Kisha akamwona Andati anakuja katikati ya moshi, ovaroli ya buluu, grisi mpaka kwenye sikio, anatabasamu. Na kifuani, upande wa moyo, alikuwa amebandikwa beji yenye picha ya msichana.

Msichana mzuri. Nywele fupi, macho yanayokutazama moja kwa moja. Chini ya picha palikuwa na jina: JACKLYNE.

"Mrembo, umependeza," Andati akasema, akivuta kiti.

"Nani huyo?"

"Nani?"

"Huyo umembeba kifuani kama mtoto."

Andati akainama akajitazama, na Triza aliona wazi kwamba alikuwa amesahau. Hilo lilimuumiza zaidi. Mtu amekuzoea mpaka anasahau kwamba amekubandika.

Andati alieleza. Chuoni mnafanya kazi wawili wawili. Mmoja anashuka shimoni mwa lifti, mwenzake anasimama kwenye swichi ya umeme asibanduke. Kabla ya kushuka, anayeshuka anambandika mwenzake beji yenye picha yake, ili kila anayepita ajue nani yuko chini. Akitoka, anaibandua kwa mkono wake mwenyewe. Mwingine yeyote akiibandua, hata aliyeibeba mwenyewe, huyo si mwanafunzi tena. Leo mwenzake alipigiwa simu kwamba mama yake ameanguka bafuni, akatokea mlango wa chini mbio mbio, akaenda.

"Yuko salama, Mwalimu amehakikisha, na mama yake amevunjika kidole tu," Andati akasema. "Lakini hakunibandua. Kwa hiyo ninakaa nayo mpaka Jumatatu."

"Itoe."

"Bebi, siwezi."

"Hapa Mwalimu wako hayuko."

"Najua hayuko."

"Basi vua ovaroli."

"Ndani nina fulana ya matundu. Na hata ningekuwa na suti, kuivua na beji ikiwa juu yake ni kuitoa kwa ujanja. Kesho nitaitia mfukoni, kesho kutwa nitaisahau juu ya meza, na siku moja mtu atakufa."

Aliongea bila hasira, na hilo lilimtia Triza hasira maradufu. Watu wa meza ya jirani walikuwa wameanza kumtazama Jacklyne.

"Andati, mimi nimevaa hivi kwa ajili yako. Nimekaa hapa nile na wewe na huyo dame ananitazama. Nakuomba mara ya mwisho."

"Triza, ungeniomba kitu kingine chochote."

"Nenda chuo kikuu, basi. Kwenye hicho kidogo usirudi."

Andati akacheka. "Chuo kikuu kuna wasichana elfu kumi."

"Elfu kumi siwaogopi. Namwogopa mmoja."

Akachukua mkoba wake akaondoka, na nyama ikaletwa hayuko.

Kesho yake simu iliita, akaiacha. Ikaita tena, akaiacha. Senje Roseline, aliyekuwa anachagua mchele sebuleni, akamtazama juu ya miwani.

"Mwanangu, ama ushike hiyo simu ama uizime. Imenikosesha hesabu."

Triza akaenda nayo nje kwenye kamba za nguo.

"Sema."

"Bado umenuna?"

"Sijanuna. Nashona."

"Saa hizi kibanda kimefungwa. Unashona nini?"

"Mdomo wako."

Andati akacheka mpaka Triza naye akakaribia kucheka, akajizuia. Triza alijua anachotaka kuuliza, na alijua kuuliza ni kujidhalilisha, akauliza.

"Huyo Jacklyne anatoka wapi?"

"Umoja."

"Ana mtu?"

"Sijamuuliza."

"Mbona hujamuuliza?"

"Ningemuuliza ungeniuliza mbona nimemuuliza."

"Akishuka huko anashuka na nini?"

"Ngazi ya chuma, iko ukutani."

"Peke yake? Gizani?"

"Ana taa kichwani."

"Na lifti yenyewe iko wapi wakati huo?"

"Juu yake."

"Imeshikwa na nini?"

"Triza, huu ni wivu ama ni mtihani?"

"Jibu."

Akajibu. Akaeleza nyaya za chuma, breki, na vyuma vizito vinavyoshuka kila lifti inapopanda. Triza alisikiliza ameegemea ukuta, nguo za majirani zikimpiga usoni, na alipokata simu hakuwa ametulia hata chembe. Usiku mzima, akilini mwake, msichana mwenye nywele fupi alishuka ngazi, na kila aliposhuka, Triza aliona moto moyoni.

Jumatatu alimwambia senje anaenda kutafuta uzi. Senje akamtazama kuanzia juu mpaka chini. Gauni jekundu, mdomo umepakwa rangi, viatu vya kisigino, na hereni zile zile.

"Uzi wa kushonea nini, harusi?"

"Nitarudi saa nane, senje."

"Rudi na uzi, basi."

Ghala la Mwalimu Mulama lilikuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, na ndani yake mlisimama mnara wa chuma wa lifti ya mazoezi, uliopanda mpaka karibu na paa. Vijana wenye ovaroli walimpisha, wakamkodolea macho. Akamwona Andati. Alikuwa amesimama kando ya sanduku la swichi, mikono nyuma, beji ile ile kifuani. Asubuhi ilikuwa imebanduliwa na sasa ilikuwa imebandikwa tena. Vidole vya Jacklyne vilikuwa vimegusa kifua hicho mara mbili siku hiyo, na saa tano ilikuwa haijafika.

"Andati."

Akamtupia jicho moja, akarudi kutazama mnara. "Bebi, ningoje pale kwenye benchi. Siwezi kuongea sasa."

"Nimetoka Kariokor na miguu yangu."

"Pole. Ningoje."

Hakumtazama tena. Ee, hapo ndipo akili zilipomwacha binti wa watu. Alimsogelea, akanyoosha mkono kwa hasira, akapiga kiganja juu ya lile sanduku kando ya bega la Andati. "Na mimi ninaongea na ukuta?"

Andati akaushika mkono ule. Hakuubana, lakini aliushika, akajiweka mwili mzima kati yake na sanduku.

"Triza. Kuna mtu chini."

Hakuwa amewahi kuisikia sauti hiyo. Vijana wakaacha kazi wakageuka. Sanduku lilikuwa na kufuli, asingeweza kuwasha chochote hata angetaka, na hakuwa ametaka. Lakini aliona uso wa Andati umebadilika rangi kwa hofu, akaona aibu ikimpanda kutoka kwenye visigino. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya pale ilikuwa imeshapasuka, kwa ajili ya mtu mwingine.

Mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza akamjia, kofia ngumu mkononi. Alikuwa Mwalimu Mulama.

"Wewe ndiye wa Burma?" akamuuliza. "Nilimwambia aende na beji hivyo hivyo, lawama ni zangu. Vua hivyo viatu, vaa hii, uje umwone huyo unayemchukia."

Triza akavua viatu. Akatembea pekupeku mpaka ukingoni, kofia imekaa juu ya hereni, Mwalimu amemshika kiwiko. Akachungulia. Chini kabisa, kwenye mwanga wa taa, msichana alikuwa amepiga goti kati ya springi mbili kubwa za chuma, anakaza kitu kwa spana ndefu, shingo inameta jasho. Alisikia sauti juu, akainua uso.

"Wewe ni Triza? Pole sana kwa ile Ijumaa. Mimi nilikuwa na mama akilini, nikamwacha na sura yangu," akasema Jacklyne. "Huyo mtu wako anatuchosha, dada. Triza hivi, Triza vile. Mchumba wangu akija Desemba nitampeleka kwake afundishwe kupenda."

Basi. Si ndicho alichokuja kutafuta? Ana mchumba, Andati hana habari naye, mambo yamekwisha, twende nyumbani tukatafute uzi. Triza alingoja roho itulie. Haikutulia. Iliungua zaidi kuliko Ijumaa, zaidi kuliko Jumamosi usiku. Na kwa sababu Andati hakuwemo tena kwenye ule moto, ilimbidi autazame vizuri ajue ni wa nini.

Alikuwa anaitazama ile spana. Alikuwa anazitazama zile buti zilizokanyaga mahali pasipokanyagwa na watu, na kile kipande cha mwanga kilichokuwa cha Jacklyne peke yake. Mwanamke yule alikuwa mahali ambapo yeye, Triza, alipaswa kuwa.

"Hizo springi," akauliza, na sauti yake ilitoka nyembamba, "lifti ikianguka ndizo zinaipokea?"

"Ikianguka kutoka chini chini hivi, ndiyo," Mwalimu akasema. "Ikitoka juu sana, hazitoshi."

"Basi kule juu kinaizuia nini?"

Mwalimu akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akaanza kumweleza, na Triza akauliza lingine, na lingine, mpaka Jacklyne akapanda ngazi akatoka, akaenda kumbandua Andati beji kifuani. Triza alikuwa amempa Andati kisogo. Hakuona vidole viligusa wapi.

Saa sita Andati alimkuta nje ya lango kwenye kibanda cha chai, viatu mkononi, grisi kwenye gauni jekundu. Akakaa kando yake, akaagiza chai mbili na mandazi.

"Nisamehe kwa kukushika mkono," akasema.

"Usiombe msamaha kwa hilo hata siku moja. Mimi ndiye niliyekosa."

Wakanywa. Lori lilipita, likawatimulia vumbi, wakafunika vikombe kwa viganja.

"Nina habari ya kukufurahisha," Andati akasema. "Simalizi hii wiki ya pili. Nimemwambia Mwalimu. Kwenye swichi nasimama vizuri, hilo mwenyewe anasema. Lakini nikishuka shimoni, ninachofikiria ni ile michoro iliyoko ubaoni. Nataka kujua kwa nini imechorwa hivyo. Nikishika spana nahesabu dakika. Hapa hapanifai, bebi, na si kosa la mahali. Nitaenda chuo kikuu." Akatabasamu. "Na wewe hutamwona Jacklyne tena."

"Nitamwona," Triza akasema. "Nimemwomba Mwalimu wiki mbili za kujaribu. Naanza Jumatatu ijayo."

Andati aliweka kikombe chini.

"Wewe?"

"Mimi. Mwalimu anasema ada inalipwa polepole kwa kazi za nje. Sijui kama patanifaa. Pengine siku ya pili nitalia nirudi kwenye mikoba. Lakini nimekaa miaka nawaonea wivu watu wasio na makosa, Andati. Leo nimejua nilichokuwa nataka, na hakikuwa kukulinda na macho ya watu."

"Senje atasema nini?"

"Atasema uzi uko wapi."

Andati alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia usoni. Triza alimwona anafikiria.

"Kwani mwenzako wa zamu atakuwa nani? Jacklyne?"

"Jacklyne amepewa mwingine. Nimepangiwa na mmoja anaitwa Wakoli."

"Yule mrefu?"

"Sijampima."

"Yule wa kucheka cheka, mwenye pengo? Beji yako, na picha yako, atabandikwa Wakoli?"

"Kifuani. Upande wa moyo."

Andati akavuta pumzi, akaangalia lango la ghala, akaangalia barabara. Alichukua andazi, akalirudisha. Triza alimwonea huruma, maana barabara hiyo ya wivu aliijua kila shimo lake, lakini hakumsaidia.

"Nitume wazee mwezi huu," Andati akasema ghafla. "Wasingoje Desemba. Tuoane, Triza. Mama yuko tayari, mimi niko tayari."

Maneno hayo aliyangoja tangu mbavu za Burma, na sasa yamekuja kando ya barabara, juu ya chai na mandazi. Angesema ndiyo hapo hapo. Ulimi ulikuwa umeshaenda.

"Ijumaa ningekubali kabla hujamaliza," akasema taratibu. "Leo nakuuliza kwanza. Unanioa, au unanitoa kule chini?"

Andati alilichukua tena lile andazi, akalikata vipande viwili, asile hata kimoja. Triza alijua jibu la kweli nalo lilikuwa na vipande viwili, akauma mdomo, akangoja. Mwenye kibanda alikuja kuchukua vikombe, akawatazama, akaviacha.

"Nimefikiria kukutoa," Andati akasema mwishowe. "Sitakudanganya, nimefikiria. Picha ya mke wangu kwa Wakoli itanitesa, na pengine usiku nitakupigia kelele ya bure, na wewe utanikumbusha nani alianza kubandikwa beji." Akamshika mkono wenye grisi. "Lakini nakuoa, na utashuka."

Triza alimwangalia usoni, mahali pale pale alipokuwa ameona hofu asubuhi, akaiona bado ipo, lakini ameikalia.

"Basi ndiyo," akasema.